Shajara ya mradi: Picha 9,212 za ujenzi wa mashua ya Matondoni

Siku ya 1

Leo nimeanza shajara hii kwa sababu kazi ya kupiga picha imekwisha na kazi ya kuzipakia katika kompyuta ili ziwe filamu moja imeanza, nami nataka kila amri na kila kosa viandikwe mahali pamoja. Kwa siku 78 za kazi kamera yetu ilikaa juu ya boriti iliyofungwa kwenye banda la makuti kule Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, ikatazama mahali pamoja tu, na kila baada ya dakika tano ikapiga picha moja. Ilianza tangu mkuku, yaani uti wa mgongo wa mashua, ulipolazwa juu ya magogo hadi mashua iliposhuliwa kwa maji ya bamvua, yaani yanapojaa sana. Hesabu niliyoitarajia ilikuwa picha 120 kwa siku, yaani 9,360 kwa jumla. Betri zilituangusha mara kadhaa tukapoteza picha 87, kwa hiyo kamera ilipiga 9,273. Kati ya hizo nilifuta 61, kwa kuwa katika nyingine punda alisimama mbele ya lenzi, na katika nyingine upepo wa kaskazi ulitikisa boriti hata picha ikawa ukungu mtupu. Zimebaki 9,212. Namba hiyo nimeiandika kwa kalamu ya wino mwekundu ukutani juu ya meza, maana ndiyo nitakayopimia kila filamu itakayotoka.

Picha zote ziko katika diski mbili za nje zenye yaliyo sawasawa, kila moja ikiwa na takriban gigabaiti 83. Diski ya kwanza haitaguswa na amri yoyote. Ya pili ndiyo ya kufanyia kazi.

Chombo nilichokichagua cha kuunganisha picha ziwe filamu ni ffmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo haina vitufe wala madirisha: mtu huandika amri katika terminali, naye hupewa jibu kwa maandishi. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akibadilisha betri kule Matondoni, aliuliza kwa nini tusitumie programu yenye picha na vitufe. Nilimjibu kwamba kwanza kompyuta yetu ina gigabaiti 8 tu za kumbukumbu, na pili, amri iliyoandikwa inaweza kurudiwa neno kwa neno mwakani, ilhali mibofyo ya kipanya haiandikiki.

Siku ya 2

Amri ya kwanza niliyoiandika ni hii:

ffmpeg -framerate 24 -i DSC_%04d.JPG jaribio.mp4

Hapo -framerate 24 ni picha 24 kwa kila sekunde, na -i hutangulia jina la kinachosomwa. Maana ya %04d ni namba yenye tarakimu nne, inayojazwa sifuri upande wa kushoto pale inapopungua. Kwa hiyo programu hutafuta DSC_0000, kisha DSC_0001, na kuendelea. Jibu lilikuja papo hapo kwamba hakuna faili lililopatikana lenye namba kati ya 0 na 4. Sababu ni kwamba kamera yetu haikuwa mpya, na picha ya kwanza ya mradi ilikuwa DSC_4183. Programu hujaribu namba tano tu za mwanzo, 0 hadi 4, na isipoona kitu huacha. Dawa yake ni kuitajia namba ya kuanzia, na chaguo hilo sharti litangulie -i:

ffmpeg -framerate 24 -start_number 4183 -i DSC_%04d.JPG jaribio.mp4

Safari hii kazi ilikwenda. Ilimalizika kwa muda mfupi kuliko nilivyodhania, bila neno la kosa wala onyo. Tulifungua filamu, tukaona mkuku ukilazwa, fashini ikisimamishwa, mataruma ya kwanza yakianza kuinuka kama mbavu za samaki, kisha filamu ikakatika. Urefu wake ulikuwa sekunde 41.

Nikapiga hesabu: sekunde 41 mara 24 ni fremu, yaani picha moja moja za filamu, 984. Kuanzia 4183, fremu 984 zinafika DSC_5166. Nikaenda kwenye folda nikatazama. DSC_5167 haipo, kwa sababu ni miongoni mwa zile 61 nilizozifuta. Hapo ndipo nilipoielewa tabia ambayo naona kila mtu anayefanya kazi hii anapaswa kuijua kabla ya jambo jingine lolote: ffmpeg inaposoma picha kwa namba, pengo moja tu kwake ni mwisho wa safari. Haidhani kwamba picha imepotea. Hudhani kwamba picha zimekwisha, ikafunga faili vizuri na kuaga kwa adabu. Laiti pengo hilo lingekuwa karibu na mwisho, tuseme katika siku ya 76, tungeitazama filamu yote tukaridhika, na siku mbili za mwisho zisingeonekana kabisa. Hasira yangu ilitulia nilipoutazama ukuta na ile namba nyekundu.

Siku ya 3

Pengo si moja. Yako mengi, na zaidi ya hayo iko namba iliyorudi nyuma. Kamera zinazofuata kanuni ya kawaida ya majina huhesabu kutoka 0001 hadi 9999, kisha hufungua folda mpya na kuanza tena. Yetu ilifika 9999 katikati ya kazi, kwa hiyo folda ya 100 ina picha za 4183 hadi 9999, na folda ya 101 ina za 0001 hadi 3456.

Nilinakili folda zote mbili ndani ya folda moja niliyoiita zote, nikajaribu njia ya pili ya kupakia, ile isiyojali namba bali hukusanya kila jina linalolingana na mfano uliotolewa:

ffmpeg -framerate 24 -pattern_type glob -i '*.JPG' jaribio2.mp4

Alama za nukuu zinazozunguka *.JPG si pambo. Mara ya kwanza nilizisahau, na terminali yenyewe ikaikunjua ile nyota kabla ffmpeg haijaiona, ikaweka mahali pake majina yote 9,212. Kwa ffmpeg, jina la kwanza baada ya -i ni la kusomwa, na yote yanayofuata ni majina ya mafaili ya kuandikwa. Ikaniuliza kama niko radhi iandike juu ya picha ya pili. Nilibonyeza N huku moyo ukinidunda. Watu wengi wana mazoea ya kuongeza -y ili wasisumbuliwe na swali hilo, na nawasihi waiache kabisa wanapokuwa ndani ya folda yenye picha zao asilia, kwa kuwa swali hilo ndilo mlinzi wa mwisho mlangoni.

Nilipoweka nukuu, filamu ilitoka ikiwa na fremu zote 9,212. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini mpangilio haukuwa. Majina hupangwa kwa alfabeti, na DSC_0001 hutangulia DSC_4183. Kwa hiyo filamu ilianza na mashua iliyokwisha kupigwa mbao nusu ubavu, ikaendelea hadi kushuliwa, kisha ghafla ukaonekana mkuku mtupu juu ya magogo. Kumbe hesabu peke yake haitoshi.

Siku ya 5

Nilidhani nimepata suluhisho lisilo na shaka: kila picha hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa, basi nizipe picha majina ya wakati wake, na alfabeti itakuwa sawa na kalenda. Programu ya exiftool hufanya hivyo kwa amri moja, nami niliitumia juu ya nakala tu:

exiftool -d %Y%m%d-%H%M%S%%-c.%%e '-FileName<DateTimeOriginal' zote

Mwaka ukitangulia mwezi, mwezi ukatangulia siku, na siku ikatangulia saa, majina hujipanga yenyewe. Kipande cha %%-c huongeza namba endapo picha mbili zina wakati mmoja, ili moja isimeze nyingine. Filamu iliyotoka ilianza na mkuku na kuishia na mashua ikielea. Fremu 9,212. Nilifurahi mno, nikainakili katika simu, nikapanga safari ya Matondoni kesho yake.

Siku ya 6

Tulikwenda na mashua ya abiria wakati maji yamejaa, kwa kuwa yakitoka njia ile huwa tope tupu hadi kwenye mikoko. Fundi mkuu alikuwa ameketi kivulini akichonga mpini wa tezo. Tulimwamkia, akatukaribisha, na baada ya chai nikamwonyesha filamu. Aliitazama yote bila kusema neno. Kisha akataka kuitazama tena, na baada ya dakika tatu hivi akaweka kidole juu ya kioo.

“Mwanangu, hapa pana kitu.”

Mahali hapo mimi pia nilikuwa nimeona kumetameta kwa muda wa kama sekunde 10, nikadhani ni mawingu, kwa maana kivuli cha mawingu hucheza vivyo hivyo katika sehemu nyingine. Nilimwambia, “Ami, ni mwanga tu huo, nitausawazisha.” Akatikisa kichwa. Aliniambia nitazame ubao wa nne kutoka chini, upande wa gubeti, yaani mbele ya chombo. Ubao huo upo, haupo, upo, haupo. Akaeleza kwamba siku moja walishinda wakitoboa matundu kwa keekee na hawakupigilia ubao hata mmoja, na kesho yake ndipo ubao wa nne ulipopigiliwa asubuhi mapema. “Hizi ni siku mbili zimesukwa pamoja kama ukili,” akasema.

Maneno hayo nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa sababu ndiyo maelezo sahihi kuliko yote niliyowahi kuyapata kuhusu kosa la aina hiyo.

Siku ya 7

Nimegundua chanzo. Jioni ya siku ya 40 betri ilikwisha kabisa, na kamera ikasahau saa. Asubuhi ya siku ya 41, iliyokuwa Alhamisi, mpwa wangu aliweka betri nyingine na kuandika tarehe kwa mkono, akakosea kwa siku moja, akaweka ya Jumatano. Picha za Jumatano na za Alhamisi zikapata tarehe moja, na kwa kuwa saa zilipishana kwa dakika mbili tu, zikajipanga moja baada ya nyingine: ya siku ya 40, ya siku ya 41, ya siku ya 40, ya siku ya 41. Fremu 240, sawasawa na sekunde 10.

Tangu siku hiyo hadi mwisho, saa ya kamera iliendelea kuwa nyuma kwa siku moja, lakini kosa halikuonekana tena kwa sababu siku zote zilizofuata zilisogea pamoja. Nimempa mpwa wangu moyo, kwani aliyekosa kweli ni mimi niliyeamini saa iliyowekwa kwa mkono kuliko hesabu ambayo kamera huiweka yenyewe. Kihesabio cha picha hakikusahau kitu betri ilipokwisha. Kiliendelea kutoka pale pale kilipoachia.

Ningeweza kuzisogeza tarehe mbele kwa siku moja, maana exiftool ina njia ya kujumlisha wakati, nami nitafanya hivyo baadaye ili kumbukumbu iwe sahihi. Lakini kwa ajili ya mpangilio wa fremu nimeamua kufuata folda na kihesabio: kwanza yote ya 100, kisha yote ya 101.

Siku ya 8

Hii ndiyo njia niliyotulia nayo, na naiandika kwa ukamilifu kwa ajili ya yeyote atakayefuata.

Sitabadilisha jina la picha asilia hata moja. Badala yake ninatengeneza viungo, yaani majina mapya ambayo hayabebi picha bali huelekeza tu kwenye faili lililo mahali pengine. Viungo vinahesabiwa kuanzia 1 bila pengo, hata kama picha zenyewe zina mapengo:

n=1
for p in 100*/*.JPG 101*/*.JPG; do
  ln -s "$PWD/$p" "$(printf "$HOME/mfululizo/f_%05d.jpg" "$n")"
  n=$((n+1))
done

Nilijaribu kwanza kuviweka viungo katika diski ya nje, na ikakataa kila kimoja. Diski hiyo imeumbwa kwa mfumo wa exFAT ili isomeke katika kompyuta za kila aina, na exFAT haina nafasi ya viungo vya namna hii. Kwa hiyo folda ya mfululizo iko ndani ya kompyuta, kwenye mfumo wa ext4, na inaelekeza nje. Viungo 9,212 havichukui nafasi ya kutajika. Sharti ni moja: diski ya nje iwe imechomekwa, na katika mahali pake pale pale, la sivyo viungo vyote vitaelekea hewani.

Nimetumia tarakimu tano badala ya nne, na mfano ndani ya amri lazima ufanane: f_%05d.jpg. Anayeandika %04d mbele ya majina yenye tarakimu tano ataambiwa hakuna faili, na atapoteza saa nzima akitafuta kosa kwingine.

ls ~/mfululizo | wc -l

Jibu: 9212.

Siku ya 9

Mpwa wangu alisoma kwamba ImageMagick, programu ya kushughulikia picha ambayo ni mkongwe kuliko ffmpeg kwa kuwa John Cristy aliianza mwaka 1987, inaweza kupokea picha zote na kutoa filamu kwa amri moja fupi. Ni kweli inaweza, ila tulipiga hesabu kwanza. Picha yetu moja ina pikseli 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Katika toleo la 6 lililojengwa kwa kina cha biti 16, kila pikseli huchukua baiti 8 ndani ya kumbukumbu, haidhuru faili lenyewe ni dogo kiasi gani diskini. Hiyo ni megabaiti 192 kwa picha moja. Programu hiyo, ikipewa orodha, huzifungua zote kabla ya kuanza kuandika, kwa hiyo gigabaiti 8 zetu zingejaa kabla ya picha ya 42. Inayobaki humwagwa diskini, na kompyuta huanza kutambaa. ffmpeg husoma fremu, huiandika, huiachilia, kisha husoma nyingine, na ndiyo sababu picha tisa elfu haziilemei kuliko picha tisa.

Hata hivyo hatukuitupa ImageMagick. Amri yake ya mogrify hushughulikia picha moja moja, na kwa kupunguza ukubwa inafaa sana:

mogrify -path ~/ndogo -resize 1920x -quality 92 ~/mfululizo/*.jpg

Yule -path ni wa lazima. Bila yeye mogrify huandika juu ya faili lile lile lililosomwa, na hakuna swali litakaloulizwa. Picha ndogo zimetoka zikiwa na upana wa 1920 na kimo cha 1280, zikiwa na majina yale yale ya viungo, na majaribio ambayo yangechukua usiku mzima sasa yanakwisha kabla ya adhana ya pili.

Siku ya 11

Umeme ulikatika saa tatu usiku wakati filamu ya kwanza kamili ikiandikwa, na kompyuta nayo ikazimika kwa kuwa betri yake imechoka. Faili la mp4 lililobaki halifunguki kabisa. Mp4 huandika faharasa yake mwishoni, na bila faharasa yaliyotangulia hayasomeki, hata kama ni dakika tano zilizo salama. Tangu sasa majaribio marefu nitayaandika kwanza katika faili la mkv, ambalo likikatika husomeka hadi lilipofikia, kisha nitalihamishia ndani ya mp4 bila kulisimba upya, kwa -c copy.

Hapa uhodari wa mfululizo wa picha umeonekana waziwazi. Kazi ya mogrify nayo iliwahi kukatika vivyo hivyo, lakini picha 6,000 na ushei zilizokuwa zimekwisha kupunguzwa zilibaki zilivyo, tukafuta ile ya mwisho iliyoandikwa nusu na kuendelea na zilizobaki.

Siku ya 12

Suala la kasi. Mpwa wangu alitaka filamu itembee polepole zaidi, akaandika hivi:

ffmpeg -i f_%05d.jpg -r 12 polepole.mkv

Filamu ilitoka na dakika 6 na sekunde 8, kama ile ya kasi ya 25, ila ilikuwa na kigugumizi. Nilihesabu fremu nikakuta 4,422 tu. Maelezo yake ni haya: asipotaja mtu kasi ya kusomea, picha husomwa kwa 25 kwa sekunde. Kisha -r 12, kwa kuwa imekuja baada ya -i, inahusu kinachoandikwa, na ili kutoka 25 kufika 12 programu hutupa zaidi ya nusu ya fremu. Mashua haikujengwa polepole, bali misumari mingi ilirukwa. Kasi ya kusoma picha huwekwa kwa -framerate, na mahali pake ni kabla ya -i. Kwa -framerate 12 kila picha hubaki, na filamu huwa na urefu maradufu ya ile ya 24.

Tumeamua 24. Kwa 12 kazi ya mikono inaonekana vizuri, lakini maji yanayojaa na kutoka nyuma ya banda hupoteza pumzi yake. Kwa 24 bamvua na maji mafu yanatambulikana kwa jicho, na kila siku unaona kujaa kumechelewa kidogo kuliko jana. Hilo ni uzuri ambao hatukuukusudia, nami sikubali kuupoteza.

Siku ya 13

Mambo madogo ya leo yamekwenda haraka. Filamu haikufunguka kwenye simu ya mwana wa fundi, kwa sababu rangi zilihifadhiwa kwa mpango ambao simu nyingi haziujui. Chaguo la -pix_fmt yuv420p limeliondoa tatizo. Nakala ndogo ya kutumia kwa simu, niliyoiandikia scale=1000:-1, ilikataliwa kwa kuwa kimo kilitoka 667, na msimbaji, yaani sehemu ya ffmpeg inayobana filamu, hataki kimo kisichogawanyika kwa mbili. Kwa scale=1000:-2 kimo kimekuwa 666 na kazi ikapita.

Kumetameta kwa mawingu, kule halisi, nimekutuliza kwa kichujio cha deflicker, kinacholinganisha mwangaza wa fremu na jirani zake. Kwa kawaida hutazama fremu tano, nami nimempa 10. Sikutaka zaidi ya hapo, kwa sababu nilipojaribu 60, asubuhi na alasiri zilianza kufanana, na jua la Lamu si la namna hiyo.

Jina la filamu limewekwa mwanzoni kwa picha moja iliyorudiwa: -loop 1 na -t 4 kabla ya -i, sekunde nne tu. Asiyeweka -t atangoja mpaka diski ijae, maana picha iliyoambiwa ijirudie haina mwisho wake yenyewe.

Siku ya 15

Amri ya mwisho ya mwili wa filamu:

ffmpeg -framerate 24 -i ~/ndogo/f_%05d.jpg -vf "crop=1920:1080,deflicker=size=10" -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p mwili.mkv

Kimo cha 1280 kimekatwa kuwa 1080, juu na chini sawasawa. Juu tumepoteza makuti, chini mchanga. Chombo chenyewe hakikuguswa. Kisha, kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba kazi imekwisha, nilihesabu fremu zake:

ffprobe -v error -count_frames -select_streams v:0 -show_entries stream=nb_read_frames -of csv=p=0 mwili.mkv

Jibu: 9212. Dakika 6 na sekunde 24. Nilimwita mpwa wangu aje kulisoma mwenyewe, kisha akatazama ukutani, akaweka tiki kwa kalamu ile ile.

Siku ya 17

Tumerudi Matondoni. Fundi mkuu aliitazama filamu mara mbili, na safari hii kidole chake hakikusimama mahali popote kwa ajili ya kosa. Kilisimama penye dakika 2 na sekunde 30 za mwili wa filamu, bila kuhesabu sekunde nne za jina. Alitaka picha ya hapo, kubwa, ya kuweka ukutani, kwa sababu ndiyo siku mataruma yote yalikuwa yamekamilika na ubao bado haujayafunika, na chombo kikishafunikwa hakuna atakayeyaona tena.

Picha ya kutoa ndani ya filamu ingekuwa ndogo na imekwisha kukatwa juu na chini. Lakini kwa kuwa tulifuata viungo, njia ya kurudi ipo. Sekunde 150 mara 24 ni 3,600, na kwa kuwa fremu ya kwanza iko kwenye sekunde 0, inayoonekana hapo ni ya 3,601:

readlink ~/mfululizo/f_03601.jpg

Jibu lilitupeleka moja kwa moja kwenye folda ya 100, kwenye picha asilia yenye pikseli 6000 kwa 4000, haijapunguzwa wala kuguswa. Nilimwonyesha kwenye kompyuta nikaikuza. Akayahesabu mataruma kwa sauti, upande wa kulia kwanza kisha wa kushoto, akasema yametimia. Kesho asubuhi mpwa wangu anaipeleka mjini ikachapishwe.